Frere Town: Kamba ya Kengele Ilikuwa Mkononi mwa Nani?

Msafiri akivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, kabla hajajua kama anaelekea Kisauni, Bamburi au kwenye majumba ya kifahari ya Nyali, hufika njia panda ya Kengeleni. Kando ya barabara kuna mnara mdogo, na ndani yake inaning'inia kengele. Wageni husimamishwa hapo na kusimuliwa habari ambayo kila mtoto wa pwani ameisikia: kwamba zamani kengele hii ilipigwa kila jahazi la wauza watumwa lilipoonekana baharini, ili watu waliokombolewa wakimbie wakajifiche. Habari hii imeingia katika vitabu vya watalii, imeingia katika magazeti, na imetiwa hata vinywani mwa walimu. Ina adui anayetoka mbali, ina mlinzi mwema, na ina wanyonge wanaookolewa. Nani asiyeipenda?

Mimi siipendi. Naona inawadhulumu watu wa Frere Town wenyewe, kwa kuwafanya kundi la watu waliokaa wakisubiri kuambiwa lini wakimbie. Tena hatari wanayoitaja wasimulizi haikuwa ile iliyowakosesha watu hao usingizi.

Lakini ndivyo ilivyo desturi ya historia ya Mombasa. Wino wote umemwagwa kisiwani. Ngome ya Yesu, Wareno, Mazrui, Mji wa Kale na milango yake ya kuchonga, hayo yameandikwa na kuandikwa tena. Ng'ambo ya kaskazini hupewa aya moja: hapa alizikwa mke wa Krapf mwaka 1844, hapa Waingereza waliwaweka watumwa huru, twende ufukweni. Kitongoji kilichotoa mapadri, makarani, wakalimani, walimu na watangazaji kinapitwa kama kituo cha matatu.

Chanzo cha mji chajulikana, nami nitakipita upesi. Mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere, aliyekuwa zamani gavana wa Bombay, aje Unguja kumshurutisha Sayyid Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Barghash alimgomea. Frere aliondoka mikono mitupu, na ni balozi John Kirk aliyepata sahihi ya Sultani mwezi wa Juni mwaka huohuo, manowari zikitishia kuziba bandari. Kwa hiyo mji umebeba jina la mtu ambaye kazi aliyotumwa ilikamilishwa na mwingine, na ambaye hakuishi hapo. Alichofanya Frere ni kuuliza swali moja la maana: watu wanaotolewa majahazini na manowari wapelekwe wapi? Hadi wakati huo walikuwa wakitawanywa, wengine Aden, wengine Shelisheli, wengine Bombay. Akapendekeza yapatikane makao papa hapa pwani, na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, maarufu kwa herufi CMS, kikaitikia. Mchungaji William Salter Price akawasili Mombasa mwishoni mwa 1874, akanunua ardhi upande wa Kisauni, ikatazamana na mji wa kisiwani kwa upana wa maji tu. Septemba 1875 manowari Thetis ikashusha mateka wa kwanza, na baada ya majuma machache watu zaidi ya mia mbili walikuwa wakihitaji chakula, nguo na paa.

Hapo ndipo simulizi nyingi huanza, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Price hakukuta pori tupu, wala hakuja peke yake.

Turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1850, misheni hiyohiyo ilifungua makao ya watoto wa Kiafrika mahali paitwapo Sharanpur, karibu na Nasik, nchini India. Watoto hao walikuwa wametolewa katika majahazi ya watumwa na manowari za Kiingereza katika Bahari ya Hindi. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, na watoto ambao hawakukumbuka tena wanakotoka. Huko Nasik walibatizwa na kupewa majina ya Kiingereza. Walisoma, walifundishwa useremala na uhunzi, wakakua. Mwangalizi wao kwa muda mrefu alikuwa Price yuleyule. Waliporudi Afrika, watu wa pwani waliwaita Wabombay, na jina likawaganda.

Ndio Wabombay walioitangulia Frere Town. Ishmael Semler, William Jones na George David walikuwa wamekwisha kutumwa pwani tangu miaka ya 1860, kumsaidia mzee Johannes Rebmann huko Rabai. Rebmann alikuwa amechoka, macho yanamwisha, waumini wake wakihesabika kwa vidole. Price alipotia nanga, Mzungu pekee wa misheni hiyo aliyeijua nchi alikuwa kipofu aliyekaribia kurudi kwao Ujerumani afe. Nani basi aliyejua njia za Rabai? Nani aliyejua lugha, aliyejua ni mzee gani wa Kimijikenda wa kuzungumza naye, ni mwenye shamba gani wa kumwogopa? Ni hao watatu, pamoja na wake zao, ambao kumbukumbu za misheni zinawataja kwa uchache unaochukiza.

Wakaongezeka Wabombay wengine. Baadhi yao walikuwa wametoka katika safari iliyotikisa ulimwengu wa wakati ule. Jacob Wainwright na Matthew Wellington walikuwa miongoni mwa vijana wa Nasik waliokuwa na David Livingstone alipokufa mwaka 1873, nao wakashiriki kuibeba maiti yake kutoka bara hadi Bagamoyo. Wainwright alisindikiza jeneza hadi London, akawemo katika mazishi ya Westminster. Wellington, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Chengwimbe, aliishi Mombasa hadi uzee na kufa mwaka 1935. Watu wa namna hiyo, waliokwisha kuona Bombay, London na Ziwa Tanganyika, ndio waliotazamiwa wakae kimya mbele ya kijana aliyetoka Uingereza juzi na kupewa usimamizi wa kijiji.

Hawakukaa kimya. Na ugomvi uliofuata ndio historia hasa ya Frere Town. Mengine yote ni mapambo.

Ugomvi ulianzia kwenye mshahara na cheo. Mbombay aliyefundisha, aliyehubiri na aliyetafsiri alilipwa sehemu ndogo tu ya alicholipwa Mzungu, hata kama Mzungu huyo hakuweza kuomba maji kwa Kiswahili. Wabombay walivaa suruali na koti, walikuwa na vitabu nyumbani, walizungumza Kiingereza, nao walijiona wenzi kazini. Wamisionari wengi wa kizazi kile waliona hiyo ni kiburi. Mtu akizipitia barua zao atakutana mara kwa mara na malalamiko kwamba Mwafrika wa Bombay ameharibika kwa kupewa mengi mno. Sijui lililokuwa jingi ni lipi. Walipewa jina la mtu mwingine na kazi ya mtu mwingine, kisha wakaambiwa washukuru.

Ukazidi ugomvi alipopewa usimamizi J. R. Streeter. Huyu hakuwa padri. Alikuwa msimamizi wa kilimo na kazi, mtu aliyeamini kwamba kijiji kinaendeshwa kama shamba kubwa. Chini yake wanaume na wanawake waliotolewa majahazini walipigwa viboko na kufungiwa kwa makosa ya kazi na ya tabia. Tafakari jambo hili. Mtu amekamatwa bara, amefungwa minyororo, ametembea hadi pwani, ametiwa jahazini, kisha manowari inamtoa na kumwambia wewe sasa huru. Anafikishwa Kisauni, anajengewa nyumba, anapewa kipande cha kulima. Halafu anachelewa kazini, na mgongo wake unapasuliwa na watu walewale waliomwambia ni huru. Habari zilifika kwa maafisa wa Uingereza huko Unguja, zikafanyiwa uchunguzi, zikafika London na kuwatia haya wakubwa wa chama. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Price alirudishwa haraka kusafisha nyumba, na Streeter akaondoka.

Ninapowaambia wenzangu habari hizi, baadhi hunijibu kwamba viboko vilikuwa mambo ya zama zile, shule za Uingereza zenyewe zikichapa watoto. Ni kweli zilichapa. Lakini waliofanya uchunguzi walikuwa Waingereza wa zama zilezile, na walishtuka. Huwezi kumtetea mtu kwa desturi ya wakati wake ikiwa watu wa wakati wake walimkana.

Sasa tufike kwenye kengele. Mji wa misheni wakati ule uliendeshwa kwa mlio. Kengele ililia watu waamke, ililia waende kazini, ililia watoto waingie darasani, ililia wakati wa sala. Mapadri wa Kikatoliki waliokuwa Bagamoyo tangu 1868, nao wakiwa na kijiji chao cha waliokombolewa, waliishi kwa utaratibu wa namna hiyo. Watu waliozoea kupima siku kwa jua na kwa adhana walitakiwa waipime kwa chuma. Sisemi kwamba kengele haikupigwa hata mara moja kutoa tahadhari; kengele hutumika kwa kila jambo, hata moto na mazishi. Ila kuifanya chombo cha tahadhari pekee ni kuficha kazi yake ya kila siku, ambayo ilikuwa kuwatawala watu waliodhaniwa hawawezi kujitawala. Msikilizaji wa kwanza wa kengele ile alikuwa mkulima wa misheni aliyekuwa bado amelala.

Na tahadhari, ilipohitajika, ilihusu nini? Si majahazi. Baada ya mkataba wa 1873 na doria za manowari, nahodha ambaye angeingia bandari ya Mombasa mchana kuwateka watu walio chini ya bendera ya Kiingereza angekuwa mwendawazimu. Magendo ya watumwa yalifanyika usiku, kwenye vijito vya mbali, kuelekea Pemba na kwingineko. Hatari ya Frere Town ilikuwa jirani zake. Ng'ambo ya maji, na juu zaidi kuelekea Takaungu, walikuwako wenye mashamba ambao watumwa wao walikuwa wakitoroka. Utumwa wenyewe bado ulikuwa halali. Kilichokatazwa ni kusafirisha na kuuza. Mtu aliyelima shamba la bwana wake akasikia kuna mji wa watu huru umbali wa kutembea usiku mmoja, je, angekaa?

Hawakukaa. Walimiminika. Wengine walikimbilia Frere Town, wengi zaidi walikwenda Rabai, na wengine walijianzishia makao yao wenyewe ndani ya nchi, kama Fuladoyo, ambako Wagiriama Wakristo na watoro waliishi pamoja bila Mzungu kuwasimamia. Wenye mashamba walighadhibika, na kwa mizani ya sheria ya wakati wao walikuwa na hoja: misheni ilikubaliwa kuwapokea waliotolewa baharini, haikukubaliwa kuwapokea waliotoroka nchi kavu. Mwaka 1880 Mombasa ilichafuka, na ikawa karibu Frere Town ivamiwe. Mwaka 1883 Fuladoyo ikavunjwa, na kiongozi wake David Koi, Mgiriama, akauawa. Kanisa la Kenya linamkumbuka kama shahidi wake wa kwanza. Wasimulizi wa kengele hawamtaji.

Hapa misheni ilikabwa. Viongozi wake walikuwa wameahidi mbele ya liwali na mbele ya balozi kwamba hawatahifadhi watoro. Walitoa amri, wakazitoa tena. Lakini Rabai ilikuwa mikononi mwa Wabombay, kwanza George David, baadaye William Jones, na kule amri ilikuwa na njia yake ya kupotea. Mtoro aliingia usiku, akapewa mahali pa kujenga, akalima, akasali, na kabla ya mwaka kwisha hakuna aliyejua alifika lini. Mwanahistoria Fred Morton, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu watumwa huru na watoro wa pwani ya Kenya, amelionyesha jambo hili vizuri kuliko wote waliomtangulia: kwamba uhuru uliopatikana Rabai haukugawiwa na wakubwa wa misheni, ulichukuliwa na watoro wenyewe, na mlango ulifunguliwa na Waafrika wenzao waliokuwa na funguo.

Ningependa kumjua Jones kuliko ninavyomjua. Mwezi wa Mei 1885 yeye na Semler waliwekewa mikono na Askofu James Hannington hapo Frere Town, wakawa mashemasi. Miezi michache baadaye askofu aliamua kwenda Uganda kwa njia ya Umasaini na Busoga, njia ambayo wenye kujua walimkanya. Jones alikwenda naye. Mwezi wa Oktoba Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na wengi wa wapagazi wake. Jones hakuwa katika kundi la mbele. Alikuwa ameachwa Kavirondo na sehemu kubwa ya msafara. Akangoja hadi habari zilipothibitika, kisha akawaongoza watu wake kurudi, majuma kwa majuma, wengine wagonjwa, wote na njaa. Mwezi wa Februari 1886 waliingia Rabai wakiwa na bendera ya buluu yenye neno moja lililoandikwa kwa rangi nyeupe: Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Mwandishi wa maisha ya askofu aliitumia shajara ya Jones kusimulia habari za safari ile. Askofu amekuwa shahidi mwenye makanisa kwa jina lake. Aliyewarudisha watu salama amekuwa chanzo cha habari.

Na huyuhuyu ndiye ambaye Price, aliporudi pwani kwa mara ya tatu mwaka 1888, alimkuta na kijiji kilichojaa watoro. Price aliandika kitabu juu ya kipindi hicho, akakiita kampeni yake ya tatu katika Afrika ya Mashariki. Ni kitabu cha mtu mwema aliyechoka, na ukikisoma unaona jinsi alivyoshikwa pande mbili. Anawahurumia watoro, anawaogopa mabwana zao, anawalaumu Waafrika wake kwa kumficha mambo. Ninachokikosa ndani yake ni swali dogo: kwa nini walimficha? Kwa sababu wangemwambia angewafukuza watu. Walimheshimu mzee wao wa Nasik, naye alikuwa amewalea wengi wao kama watoto. Lakini walikuwa watoto waliowahi kuuzwa, na yeye hakuwahi.

Jambo likamalizwa kwa fedha. George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ndiyo kwanza ianze kuitawala pwani na isiyotaka vita na wenye mashamba, alifika Oktoba 1888 na kukubaliana nao walipwe fidia. Watoro waliohesabiwa katika misheni walikuwa karibu 1,400, walio wengi wakiwa Rabai. Siku ya mwaka mpya wa 1889 wakapewa hati za uhuru hadharani. Vitabu vya misheni huisimulia siku hiyo kama ukarimu wa Kampuni. Mimi naihesabu kuwa ushindi wa watoro, maana bila wao kukaa pale kwa ukaidi wa miaka kumi, pasingekuwa na wa kulipiwa. Fidia, kama kawaida, walipewa mabwana. Aliyelima miaka yote bila ujira alipewa karatasi.

Niseme neno juu ya James Juma Mbotela, kwa kuwa wasomaji wa Kiswahili wengi waliijua Frere Town kupitia kwake. Kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichapishwa mwaka 1934, na wako wanaokihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Mbotela alikuwa mtoto wa mateka aliyeletwa Frere Town, na anasimulia habari za kizazi cha baba yake: kukamatwa, msafara, jahazi, manowari. Wahakiki wamemshambulia kwa kuwapaka Waarabu rangi nyeusi tupu na kuwavika Waingereza mbawa za malaika. Wana haki. Kitabu kilitoka chini ya kivuli cha misheni, na mwandishi wake alikuwa mwalimu aliyelelewa na misheni hiyo. Hata hivyo naona wahakiki wamepita upesi mno. Mtu ambaye baba yake alitolewa ndani ya jahazi na mabaharia wa Kiingereza ataelezaje habari hiyo bila shukrani? Shukrani ile haikuwa ya kubuni. Upungufu wake uko kwingine. Moyo wa kitabu uko njiani, pale baharini ambako ni wazi nani mwovu na nani mwokozi. Mji ulipoanza kuishi, mambo yakawa na mchanganyiko: mwokozi akashika kiboko, jirani Mwislamu akauza samaki, Mbombay akamnunia mateka mgeni asiyejua kusoma, mateka akamcheka Mbombay kwa koti lake. Hiyo Frere Town ya siku za kawaida ndiyo ninayoitafuta, nayo hupatikana kwa vipande tu.

Maana tusiwafanye Wabombay kuwa malaika wapya. Kati yao na mateka walioletwa moja kwa moja na manowari palikuwa na ngazi, na kila mtu alijua amesimama kidato gani. Mbombay alikuwa fundi, mwalimu, padri. Mateka alikuwa mkulima na kibarua. Kisha watoro waliotoka mashamba ya jirani wakawa chini zaidi, wakidhaniwa bado wana harufu ya shamba. Mji mdogo ulikuwa na daraja zake kama Mombasa yenyewe ilivyokuwa na zake. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, kwa sababu hakuna lugha nyingine ambayo Myao, Mmakua na Mgindo wangeelewana kwayo. Ni mojawapo ya mahali pa mwanzo kabisa ambapo watoto wa Kikristo walikua wakiwa na Kiswahili kama lugha yao ya kwanza, wakiwa wametengwa na Waswahili wa Mji wa Kale kwa maji na kwa dini. Jambo hilo lingestahili makala yake yenyewe.

Mvutano wa Wabombay na misheni haukupoa. Kizazi kipya cha wamisionari waliokuja mwishoni mwa karne kilikuwa kigumu zaidi kuliko cha Price, kikiamini kwamba Mwafrika hawezi kuachiwa uongozi kwa muda mrefu ujao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1890 mambo yalifika mahali Jones, aliyetumika zaidi ya miaka 30, akaachana na kazi ya misheni. Watu wengine wa makamo yake walikuwa wameshaondoka kwenda kuhudumu katika Kampuni, kisha serikalini na katika reli, ambako aliyejua Kiingereza, hesabu na Kiswahili alilipwa bila kuhubiriwa. Hivyo Frere Town ikawa kiwanda cha makarani wa koloni kabla Nairobi haijapata jina. Mwaka 1907 hali ya utumwa ikafutwa kisheria katika pwani ya Kenya, na sababu ya kuwepo kwa mji ikaisha siku hiyo.

Karne ya ishirini naipita mbio, maana hata yenyewe ilikipita kitongoji hiki mbio. Chuo cha kufundisha mapadri kilifunguliwa Frere Town mwaka 1903. Mwaka 1930 kikahamishiwa Limuru, na leo ndicho Chuo Kikuu cha St Paul's. Mwaka mmoja baadaye, 1931, likafunguliwa daraja la kuelea la Nyali, na gari likaweza kufika ng'ambo bila kupanda mashua. Chuo kikaenda, barabara ikaja. Mkonge wa Nyali ukang'olewa, zikajengwa nyumba za matajiri. Mwaka 1980 daraja la zege likachukua nafasi ya lile la kuelea. Kongowea ikapata soko linalolisha nusu ya pwani. Kisauni ikajaa wapangaji kutoka kila pembe ya Kenya, na wazao wa mateka wakajikuta wachache katika mji wa babu zao, wakiulizwa swali ambalo Kenya humuuliza kila mtu: nyinyi kabila gani, na kwenu ni wapi? Mwenye asili ya Nyasa kwa upande wa baba, ya Uyao kwa mama, na jina la ubatizo la mfadhili fulani wa Kiingereza, atajibu nini kwenye fomu ya kitambulisho? Wengine walijiandika Waswahili. Wengine waliingia kwa Wamijikenda kwa ndoa na kwa ujirani. Ardhi, ambayo misheni iliinunua kwa ajili yao lakini haikuwa kwa majina yao, imekuwa maneno hadi leo.

Jina la Frere limebaki, sasa likiwa jina la wadi katika jimbo la Nyali, ingawa vibao vingi huliandika kama mji mkuu wa Sierra Leone na makonda hawalitumii kabisa. Huwezi kuwalaumu.

Kutoka ukoo wa Mbotela akatokea Tom, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama cha siasa cha Kenya African Union (KAU), aliyeuawa Nairobi Novemba 1952, majuma machache baada ya kutangazwa hali ya hatari. Akatokea pia Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940 na kufariki Februari 2025. Wakenya wa rika langu hawahitaji kuelezwa ni nani. Tarehe mosi Agosti 1982 askari walioasi walimtoa nyumbani wakamlazimisha atangaze redioni kwamba serikali imepinduliwa, naye akatangaza, akisikia midomo ya bunduki ilipo. Lakini kabla ya siku hiyo na kwa miongo mingi baada yake kazi yake ilikuwa nyingine. Alikuwa na kipindi kifupi, kilichoanza miaka ya 1960, ambamo aliwasimulia wananchi vituko vya watu wanaotema mate barabarani, wanaoruka foleni, wanaopokea mgeni kwa ukali. Kila alipomaliza kituko, mzao huyo wa mateka wa Kisauni aliiuliza nchi nzima: je, huu ni ungwana?